Kitalu Hakitunzwi kwa Macho Peke Yake

Zamani neno kitalu katika Mkoa wa Pwani lilimaanisha tuta dogo la miche lililofunikwa kwa makuti, kando ya mto au karibu na kisima. Leo neno hilo limezaa ndugu yake, kitalu nyumba, yaani jengo la mabomba au la miti lililovikwa nailoni, ambamo mimea hupandwa ama katika udongo, ama katika maji yaliyotiwa virutubisho bila udongo hata chembe. Mwishoni mwa miaka ya 2010 Ofisi ya Waziri Mkuu iliwafundisha vijana wa halmashauri nyingi ujenzi na ukulima wa namna hiyo. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu; mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Si ajabu basi kwamba huko Kibaha na Kisarawe, wilaya zilizo mlangoni pa soko kubwa la Dar es Salaam, vikundi vya wananchi na wafanyakazi waliokaribia kustaafu vimeelekeza macho yao kwenye vitalu hivyo.

Sisi twaunga mkono jambo hilo. Lakini hatuwezi kunyamaza juu ya mifupa. Si mara moja wala mara mbili tumeona, kando ya barabara ya Morogoro na katika njia za vumbi zinazopanda vilima vya Kisarawe, mabomba yaliyosimama wima kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kwa ukame, nailoni imechanika na majani yamejiotea ndani. Ukiuliza, utaambiwa mbegu zilikuwa mbaya, au dawa ilikuwa ya bandia, au kuna mtu alitupa jicho. Huenda. Walakini ukiuliza tena, joto la mle ndani lilikuwa nyuzi ngapi saa nane mchana mwezi wa Februari, hapana anayejua, kwa maana hapakuwa na kipima joto. Na deni la mkopo hulipwa, nyanya zizae au zisizae.

Tuanze na hilo la joto, maana ndilo linaloua vitalu vingi katika ukanda wetu. Mwanga wa jua hupita katika nailoni, huipiga ardhi na majani, hugeuka kuwa joto, na joto hilo hukosa njia ya kutokea. Jengo la namna hii lilibuniwa na watu wa nchi za baridi, ambao haja yao ni kuufungia joto ndani. Wenzetu wa Arusha wamelitumia vyema, lakini Arusha ipo yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6 kila upandapo mita 1,000. Kibaha ipo karibu na usawa wa bahari, na Kisarawe haikuizidi kwa mengi, ijapokuwa vilima vya Pugu huipatia upepo. Mtu anayenunua mchoro wa kitalu cha Arusha akaupanda Mlandizi kama ulivyo, amenunua tanuri. Mwezi wa Februari joto la nje kwetu hufika nyuzi 32 na kupita. Ndani ya nailoni iliyofungwa hupanda juu ya 40 bila taabu.

Sasa mnyanya una tabia yake. Mchana ukizidi nyuzi 32, na usiku ukizidi nyuzi 22 hivi, chavua hudhoofika, maua hukauka kikonyo na kuanguka. Mkulima huona mmea umestawi, majani mapana, shina nene, akashangilia, kumbe hautazaa. Hapo ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo. Joto la mchana laweza kupunguzwa: kwa kuinua paa, kwa kuacha tundu refu kileleni ili hewa ya moto itoke, kwa kuacha kuta ziwe za wavu mtupu, kwa kutandika neti ya kivuli. Lakini usiku wa Januari hadi Machi katika Pwani yetu hukaa kwenye nyuzi 24 au 25, na hakuna dirisha litakaloingiza baridi isiyokuwapo nje. Dawa yake ni kalenda. Usiku wa Juni, Julai na Agosti hushuka hadi nyuzi 18 au 20. Basi miche ihamishwe Aprili au Mei, wakati paa la nailoni likiukinga na mvua za masika zinazoozesha nyanya za nje, nayo maua yafunguke katika miezi ya baridi. Mwenye kipima joto kinachohifadhi alama ya juu kabisa na ya chini kabisa ya siku, akakiandika mwaka mzima, atayajua haya kwa kitalu chake mwenyewe, bila kungoja gazeti limwambie.

Kipima joto chenyewe kina adabu zake. Kisitundikwe juani, maana hapo kitapima jua, si hewa. Kitundikwe kwenye kimo cha mmea, katikati ya kitalu, ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, na kisomwe saa zile zile kila siku: saa moja asubuhi na saa nane mchana. Kipimo cha leo saa nne na cha kesho saa kumi havilinganishwi.

Unyevu wa hewa ni jambo la pili. Kwetu Pwani, hewa ya alfajiri huwa karibu imeshiba maji, na kitalu kilichofungwa usiku kucha huamka kimelowa: matone juu ya nailoni, matone juu ya majani. Kuvu wa majani hawahitaji karamu nyingine. Kipimo kikizidi asilimia 85 usiku na majani yakabaki yamelowa kwa saa nyingi, ugonjwa u njiani. Asiye na fedha za kifaa cha unyevu achukue vipima joto viwili vya kioo vinavyofanana, kimoja akifunge pamba au kitambaa chenye kuchovya ncha yake katika kikombe cha maji, kingine akiache kikavu. Hewa ikiwa kavu, kile chenye kitambaa kitasoma chini sana. Hewa ikiwa imeshiba maji, vyote viwili vitasoma sawa. Maarifa hayo ni ya zamani, na bado ni ya kweli.

Juu ya mwanga hatuna maneno mengi. Sisi tuko yapata nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, siku zetu zina saa 12 za mwanga, kasoro kidogo au zaidi kidogo, mwaka mzima. Zile taa za rangi ya zambarau ambazo vijana huziona katika simu zao ni za watu ambao jua lao huzama saa tisa mchana wakati wa majira ya baridi. Mtu wa Kibaha anayenunua taa hizo kwa ajili ya mchicha amepotoshwa. Anachohitaji ni kitambaa na maji ya kuoshea vumbi la barabara juu ya nailoni, basi.

Twende kwenye udongo. Sehemu kubwa ya Kibaha ni mchanga unaopitisha maji kama chujio. Virutubisho huteremka nayo. Kisarawe kuna mahali pa udongo wenye ule mfinyanzi mweupe wa Pugu, mzuri kwa vyungu na vigae, lakini mchoyo, kwani haushiki virutubisho vingi. Kuleta mbolea bila kuupima udongo ni kama kutibu bila kumpima mgonjwa. Kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, ndicho kilichobobea katika udongo, na Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro nacho hupima. Tena, ndani ya kitalu mvua haioshi udongo. Chumvi za mbolea hulundikana msimu baada ya msimu, na anayepanda nyanya juu ya nyanya hukaribisha minyoo fundo na ule mnyauko wa bakteria unaoangusha mmea mbichi kwa siku mbili tatu. Hayo mawili ndiyo yaliyowasukuma wengi kuuacha udongo na kuhamia kwenye maji au kwenye makumbi.

Makumbi ya nazi! Hapa Mwenyezi Mungu ametupendelea. Vumbi lile linalobaki baada ya kuchambua usumba hushika maji vizuri na kuacha hewa ipite kwenye mizizi, na nchi nyingine hulinunua kwa fedha nyingi katika matofali yaliyoshindiliwa. Lakini akina mama wa mwambao na visiwani, kwa vizazi vingi, wamekuwa wakifukia makumbi katika tope la bahari ili yalainike. Vumbi la makumbi ya namna hiyo limejaa chumvi. Hata la makumbi ambayo hayakuiona bahari huwa na chumvi zake. Lazima lioshwe kwa maji baridi mara kadhaa, na hakuna ulimi utakaosema kwa hakika kwamba sasa limetakata. Hapo kipimo hutakiwa.

Kipimo hicho ni kijiti kidogo chenye betri, kinachoandikwa herufi EC. Hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na maji hupitisha umeme kwa kadiri ya chumvi iliyomo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikwisha kutoa mwongozo mwaka 1985: maji ya kumwagilia yakiwa chini ya 0.7 katika kipimo hicho hayana tatizo la chumvi. Yakizidi 3 ni hatari kwa mazao mengi. Maharage huanza kupunguza mazao maji yakizidi 0.7, saladi 0.9, pilipili hoho 1.0, nyanya na matango 1.7. Visima vingi vya ukanda wetu vina maji ya chumvi, na mwenye kisima cha namna hiyo akichagua saladi ameshindwa kabla ya kupanda. Wakazi wa mji wa Kisarawe walipata maji ya bomba ya Mto Ruvu kwa mradi uliokamilika mwaka 2020, na Kibaha hutumia maji ya mto huo huo. Maji ya mto ni matamu zaidi, lakini yana bei na mita. Wengi huchanganya ya kisima na ya bomba, au huvuna ya mvua kutoka paani. Basi wayapime yakisha kuchanganywa.

Kuhusu kilimo cha maji matupu, wako wanaokisimulia kama muujiza wa juzi. Si cha juzi. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alipanda mnanaa katika maji ya namna mbalimbali, akaona kwamba maji machafu yaliyochanganyika na udongo wa bustani yaliotesha zaidi kuliko ya mvua. Akatambua kwamba mmea hula kitu kilichomo majini, si maji peke yake. Katika miaka ya 1860 wanasayansi wa Kijerumani Sachs na Knop wakaotesha mimea katika maji yenye chumvi walizozipima wenyewe. Katika miaka ya 1930 William Gericke wa California akapanda minyanya mirefu katika matangi na magazeti yakavuma. Wenzake wawili, Hoagland na Arnon, wakalichunguza jambo hilo, na mwaka 1938 wakaandika kwamba mazao ya maji hayapiti mazao ya udongo mzuri uliotunzwa sawasawa. Tungependa wauzaji wa vifaa wa siku hizi wayasome maneno hayo kabla ya kuwaahidi wastaafu wetu mavuno mara kumi.

Hata hivyo kilimo hicho chafaa, hasa pale udongo ulipoharibika au ulipo haba, mradi mtu ajue kwamba ameacha mwalimu mpole akachukua mkali. Udongo husamehe. Ukikosea mbolea leo, udongo huficha kosa lako kwa wiki mbili. Maji hayafichi kitu. Kwanza ni ukali wake wa asidi, unaopimwa kwa namba za pH. Mimea mingi katika maji hutaka kati ya 5.5 na 6.5. Yakipanda juu ya 7, madini ya chuma huganda yasinyweke, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mkulima akaongeza mbolea, na mbolea imejaa tele mle ndani. Ifahamike pia kwamba kila hatua moja ya namba hizo ni mara kumi: maji ya 5 yana asidi mara kumi kuliko ya 6. Kipimo cha pH nacho husahau. Kisiposawazishwa mara kwa mara kwa maji maalumu ya 4 na ya 7, na ncha yake ikiachwa ikauke, kitasema uongo kwa uso mkavu, na uongo wenye namba huaminiwa kuliko uongo mwingine wowote.

Pili ni wingi wa virutubisho, kwa kijiti kile kile cha EC: saladi hutosheka na 1 hivi, nyanya zinazozaa hupenda kati ya 2 na 3.5. Siku za joto mmea hunywa maji mengi kuliko chakula, kwa hiyo mchanganyiko hubaki mkali; namba ikipanda, ongeza maji, usiongeze mbolea. Mbolea yenyewe huwekwa katika madumu mawili, kwa sababu chokaa ya dumu moja ikikutana na salfeti au fosfeti ya dumu la pili kabla ya kuzimuliwa huganda kama ukoko chini ya tangi, na mmea hauli ukoko.

Tatu ni joto la maji yenyewe, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Mizizi hupumua. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 za oksijeni katika kila lita. Ya nyuzi 30 hubeba 7 na nusu tu, na wakati huo huo mizizi iliyopata moto huhitaji zaidi. Kuvu waozeshao mizizi nao hupenda hali hiyo. Mirija myeupe inayoning'inia juani Kibaha, ikipitisha maji membamba kama uzi, ni mizuri kwa picha. Umeme ukikatika saa saba mchana na pampu ikanyamaza, mizizi hukauka kabla ya jioni. Kwa mtu asiye na betri wala jenereta sisi twapendelea tangi tulivu lililofukiwa nusu ardhini, chini ya kivuli, kwa njia aliyoieneza Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii: mmea hushikiliwa na kifuniko, maji hupungua jinsi unavyokunywa, na mizizi ya juu hubaki hewani ikipumua. Haihitaji pampu. Yahitaji tangi kubwa na kifuniko kisichopitisha mwanga, la sivyo mwani utakula chakula cha saladi.

Na kifuniko hicho kina faida ya pili. Tangi wazi la maji yaliyotulia, karibu na nyumba, ni shamba la mbu. Ingekuwa aibu kufuga malaria Kibaha, mahali penye kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2015 kwa msaada wa maarifa ya Wacuba, kinachotengeneza viuadudu vya bakteria viuavyo viluwiluwi wa mbu. Bakteria hao hawadhuru mmea.

Lipo tawi jingine la kilimo hiki lililowavutia wafugaji, nao ni wengi Kibaha, ambako Shirika la Elimu, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nodiki na kukabidhiwa kwa taifa mwaka 1970, lilifundisha wakulima ufugaji wa kuku. Tunasema juu ya majani ya trei: mahindi au shayiri huloweshwa, hutandazwa katika trei bila udongo, hunyunyiziwa maji, na baada ya siku 7 au 8 huwa zulia la kijani la kulisha kuku na ng'ombe. Huambiwa kwamba kilo 1 ya mbegu hutoa kilo 7. Ni kweli, ukiipima ikiwa imelowa. Lakini zulia hilo ni maji zaidi ya asilimia 85. Ukilikausha, zile kilo 7 hazizidi ile kilo 1 uliyoanza nayo, na mara nyingi hupungua, kwa sababu mbegu imetumia nguvu zake kuota. Ni mboga nzuri kwa kuku, haiwezi kuwa ugali wake.

Tena ni hapa ambapo kutopima huua. Mbegu zilizolowa katika chumba cha nyuzi 30 kisicho na upepo huota ukungu siku ya tatu au ya nne. Si kila ukungu una sumu, lakini jicho haliwezi kutofautisha. Mwaka 1960 nchini Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula chakula cha karanga zenye kuvu, na katika kuchunguza vifo vyao ndipo ulimwengu ulipoitambua sumukuvu. Sisi wenyewe tulizika watu mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo hiyo katika mahindi. Trei yenye ukungu ifukiwe. Chumba cha trei kiwe na kipima joto, trei zioshwe kwa dawa ya kufulia nguo nyeupe na kukaushwa juani kabla ya mbegu mpya, na mbegu zenyewe zisiwe zile za duka la pembejeo zilizopakwa dawa ya rangi.

Mtu atauliza, je, vipimo vyote hivi vinunuliwe kwa siku moja? La. Kwa kitalu cha udongo, kipima joto cha juu na chini kije kwanza, kisha kijiti cha EC. Unyevu wa udongo waweza kupimwa kwa kidole kilichochomekwa mpaka kiungo cha pili. Kwa kitalu cha maji, EC na pH haviwezi kungoja. Vyote vitatu havifikii hata sehemu ndogo ya bei ya nailoni. Wala si lazima mtu aanze na nyanya. Mchicha, matembele na mnafu hustawi nje bila paa la mtu. Twaona kwamba kitalu cha kwanza cha kikundi cha Kisarawe au Kibaha kingekuwa cha miche tu: wavu wa kuzuia wadudu, trei, vumbi la makumbi lililooshwa, na miche bora ya kuwauzia majirani. Miche hukaa kitaluni wiki nne au tano tu, na hasara ya trei moja haimfilisi mtu.

Kila kikundi kiwe na daftari moja, lenye mistari ya tarehe, joto la juu, joto la chini, EC, pH na jina la aliyepima, watu wakipokezana zamu kama walinzi. Bwana shamba au bibi shamba afikapo, apewe daftari kwanza, kisha aonyeshwe mimea. Na kamati za halmashauri zinazopitia maombi ya mikopo tungeziomba jambo moja jepesi: katika kila andiko la kitalu nyumba zitafute mstari wa vipimo baina ya gharama za mabomba, nailoni na mbegu, na usipokuwapo, zilirudishe andiko kwa wenyewe wakauongeze kabla fedha hazijatoka.